Mwenyeji wa Kisiwa

Kupumzika ni haki ya kila mtu afanyaye kazi. Asiyepumzika huchoka, na aliyechoka hana wema mwingi wa kumpa mwenziwe. Basi siwalaumu watu waendao visiwani kutafuta upepo na kimya. Nauliza jambo moja tu: mtu astareheaye mahali palipokuwa maskani ya mwingine, ana deni gani?

Mimi ni mtu wa Mabawe, wilaya ya Ngara, nchi ya vilima na migomba, mbali na ziwa kubwa. Kwetu kisiwa kilikuwa neno la kitabuni. Siku moja nilikuwa Mwanza pamoja na mpwa wangu, msichana wa miaka kumi, tukapanda mashua kwenda Saanane. Safari ni fupi: mji haujatoweka nyuma, na miamba ya kisiwa imekwisha kufika mbele. Tuliona swala majanini na pimbi juu ya mawe. Tukala chakula chetu kivulini, tukafurahi.

Kisha mtoto akaniuliza, "Mjomba, Saanane ni nini?"

"Ni jina la kisiwa hiki," nikamjibu.

"Ni jina la nani?"

Nimefundisha maana za maneno kwa miaka mingi, na shahada ya udaktari ninayo; jibu sikuwa nalo. Niliona haya, nikamwuliza mwongozaji wetu. Akatuambia kuwa Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima wa kisiwa hicho. Mwaka 1964 serikali ilikifanya bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Mzee akalipwa fidia, akapisha. Mwaka 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa.

Pengine msomaji atasema: alilipwa, deni limekwisha. Hoja hii ina nguvu, wala sisemi kuwa tendo la serikali lilikuwa baya. Wanyama wana kimbilio, na watu wa mji wana mahali pa kuvuta pumzi. Lakini fidia hufuta dai la mwenye mali. Haifuti wajibu wa anayefaidi. Tena fidia ile sikuilipa mimi, bali furaha niliichukua mimi.

Kwetu Ngara jambo hili tunalijua kwa upande wa pili, upande wa wenyeji. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilayani mwetu. Ardhi ikawapokea, na miti mingi ikageuka kuni. Mama yangu ameisahau miti ile. Hajamsahau mwanamke mmjoa aliyekuwa akija kumlimia kwa ujira, ambaye kabla ya kurudi kwao mwaka 1996 alipita nyumbani kumuaga, akamwita kwa jina lake.

Mwanamke yule aliletwa na hofu. Kama asingelijua jina la mwenyeji wake, nani angalimhukumu? Anayekimbia mauti hana nafasi ya kuuliza habari. Mimi nililetwa na starehe. Nilikuwa na nauli, chakula na siku nzima ya kuuliza, nisiulize mpaka mtoto aliponifungua macho. Aliyekuwa na udhuru alitimiza adabu, na asiye na udhuru aliisahau.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Saanane mwenyeji aliondoka kwanza, ndipo sisi wageni tukaja. Kwa hiyo deni letu si dogo, japo malipo yake ni mepesi: kulijua jina la aliyetupisha, kulifundisha kwa watoto, na kupaacha mahali pale kama mtu aachavyo nyumba ya mwenziwe. Asiyeweza kulipa hata hayo, starehe yake ni kunyang'anya kwa upole.