Je, Yafaa Kuihesabu Siku ya Mwisho?

Msomaji mmoja alitujia akichukua daftari. Ndani yake alikuwa ameandika umri wa mababa tangu Adamu hata Nuhu, na tangu Nuhu hata Ibrahimu, kisha miaka ya wafalme wa Yuda, akaijumlisha yote. Akatuuliza, "Mwalimu, ikiwa dunia imebakiwa na miaka michache tu, kuna faida gani nikipanda minazi mwaka huu?" Hatukumcheka, wala haifai kumcheka, maana swali lake ni la kweli, na watu wenye elimu kuliko sisi wameliuliza kabla yake. Basi tumeona vema kulijibu hapa, ili na wengine wapate kulipima.

Kwanza tukubali ya kwamba kuyachunguza Maandiko si dhambi. Danieli mwenyewe alisoma vitabu, akafahamu katika maneno ya Yeremia hesabu ya miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu. Tena Bwana wetu aliwalaumu watu waliojua kuzisoma dalili za mbingu, wasijue kuzisoma ishara za wakati wao. Lakini tutazame alilofanya Danieli alipokwisha fahamu. Hakutangaza siku. Alifunga, akavaa nguo za magunia, akaungama dhambi zake na dhambi za watu wake. Hesabu ilimpeleka magotini. Na miaka ile ilikuwa imetajwa wazi na nabii. Haikuwa vipande vilivyookotwa huku na huku vikaunganishwa na msomaji.

Sasa tuangalie hesabu zenyewe. Afisa wa forodhani akitaka kujua uzito wa mzigo, hana budi kwanza awe na mizani ya haki. Je, mizani yetu ni ipi? Katika Biblia ya Kiebrania twasoma kwamba Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani twasoma 230. Na tofauti hii yarudi kwa mababa wengi waliomfuata, hata jumla hupitana kwa zaidi ya miaka elfu. Kwa hiyo Julius Africanus, Mkristo wa karne ya tatu, alisema Kristo alizaliwa mwaka 5500 tangu kuumbwa ulimwengu. James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh katika Ireland, alipotoa kitabu chake mwaka 1650, alisema uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Na Wayahudi kwa hesabu yao huuweka mwaka 3761.

Wako Wakristo wa kale na wa baadaye waliofikiri ya kuwa, kama Mungu alivyofanya kazi siku sita, ndivyo ulimwengu utakavyodumu miaka 6000. Haya, tuhesabu. Kwa mizani ya Africanus miaka hiyo ilitimia karibu na mwaka 500. Kwa mizani ya Ussher ilitimia katika miaka ya 1990. Kwa hesabu ya Wayahudi bado haijatimia, hata karne ya 23. Ikiwa mwanzo wenyewe hatukubaliani, twawezaje kuapa juu ya mwisho?

Wala tusidhani kwamba waliokosea walikuwa wavivu au waongo. William Miller alikuwa mkulima wa jimbo la New York katika Marekani, mtu mnyofu aliyekuwa askari zamani za vita. Alianza kuichunguza Biblia mwaka 1816, mstari kwa mstari. Alipofika Danieli 8:14, penye jioni na asubuhi 2300, alichukua kila siku kuwa mwaka mmoja, akaanza kuhesabu tangu amri ya mfalme Artashasta, mwaka 457 kabla ya Kristo. Toa 457 katika 2300, utapata 1843. Tangu mwaka 1831 akahubiri, na watu kwa maelfu wakamwamini. Alisema Bwana atarudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Wakati ule ukapita. Ndipo ikakumbukwa ya kuwa kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake hapana mwaka wa sifuri, basi imepunguka moja. Samuel Snow, mmoja wa wenzake, akaihesabu Siku ya Upatanisho ya Kiyahudi, akatangaza tarehe 22 Oktoba 1844.

Wako wakulima walioacha viazi shambani bila kuvichimba, maana kuvichimba kungekuwa kukana imani. Wako walioacha kazi zao. Usiku ule walikesha wakitazama mbingu. Jua likachomoza kama siku zote, nao wakalia. Kisha walirudi vijijini mwao, wakadhihakiwa na majirani.

Miller mwenyewe alikiri wazi kwamba amekosea katika hesabu, asiache kutumaini kurudi kwa Bwana wake mpaka alipokufa mwaka 1849. Tunamheshimu kwa hayo. Harold Camping naye, wa Marekani, alitangaza tarehe 21 Mei 2011. Ilipopita akasema ni 21 Oktoba. Nayo ilipopita, mwaka 2012 akaungama kwamba alitenda dhambi. Si wote wafanyao hivyo. Wengi huisogeza siku mbele, kama mtu asogezaye mpaka wa shamba usiku.

Hapa ndipo penye swali la haki. Mwenye kuhesabu akikosea, hupoteza karatasi. Aliyemsadiki hupoteza shamba, mifugo, ada ya mtoto, na pengine uhai. Watu wa Afrika ya Mashariki hawahitaji mifano ya ng'ambo. Kule Kanungu, Uganda, mwisho ulikuwa umetajwa kwa kufunga mwaka 1999. Siku haikuja, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Na katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, ya watu walioshinda na njaa wakitumaini kumwona Yesu. Anayetaja siku huchukua dhamana asiyoweza kuilipa.

Tena waliohesabu, wengi wao wameona mwisho ukianguka katika siku zao wenyewe. Wahenga walisema, mwamba ngozi huvutia kwake. Twapenda kuwa kizazi cha mwisho, maana ni heshima kubwa. Kuwa kizazi cha katikati, kipokeacho na kupokeza, ni kazi isiyo na sifa. Lakini Bwana alisema ya kuwa siku ile na saa ile hakuna aijuaye, wala malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na lau tungaliijua, je, tungekuwa wema zaidi? Mtumishi afagiaye ua kwa kuwa ameambiwa bwana wake yu njiani, huiogopa fimbo. Afagiaye kila asubuhi humpenda mwenye nyumba. Tarehe hutufanya kuwa watumishi wa namna ya kwanza. Kutokujua kwetu si adhabu. Ndiko kunakoufanya utii wetu kuwa wa hiari.

Basi ndugu yetu mwenye daftari tulimjibu hivi. Wathesalonike nao walitikisika kwa habari ya siku ya Bwana, na wengine wao wakaishi bila kazi. Mtume Paulo akawaamuru wafanye kazi kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe. Soma Biblia yako, omba, patana leo na jirani uliyekosana naye, maana kwa habari ya kufa kwako wewe hapana hata hesabu ya kubahatisha. Kisha panda minazi yako. Bwana akija kabla haijazaa, atakukuta shambani, na hapo si mahali pa aibu. Akikawia, wajukuu wako watakunywa madafu.