Je, Huzuni ya Mke Ndiyo Izuiayo Mimba?

Kuna neno lililozoeleka vinywani mwetu, nalo huambiwa mwanamke aliyekawia kuzaa: "Wewe wafikiri mno, tuliza moyo, utashika mimba." Na akenda kwa tabibu, akapigwa sindano, akatungishwa mimba nje ya tumbo isisimame, huambiwa lile lile, na mara hii huwa ni lawama, kwamba dawa imeshindwa kwa wasiwasi wake. Je, neno hilo ni kweli? Na kama si kweli, ni halali kulisema?

Mwaka 2011 jarida la matabibu wa Uingereza, BMJ, lilitangaza uchunguzi uliokusanya tafiti 14, zenye wanawake 3,583 waliokuwa wakitibiwa ili wazae. Walipimwa dhiki ya nyoyo zao kabla ya matibabu, kisha wakangojewa. Wenye dhiki na watulivu hawakuonekana kukhitalifiana katika kupata mimba. Sisemi dhiki haina athari kabisa. Iliyo kali, khasa pamoja na kukonda, yaweza kukata hedhi, na yaweza kuwatenga mume na mke kitandani. Tena wengi huacha matibabu katikati kwa kuchoka roho. Lakini hayo yako mbali na kusema kwamba machozi ya mke ndiyo yaliyoiangusha mimba changa.

Mtu atasema: "Mbona fulani alikata tamaa, akaacha dawa, akazaa?" Hutokea. Walakini katika waliokawia wako ambao wangezaa bila ya dawa, na hao ndio twawataja barazani. Waliotulia wasizae hawatajwi na mtu.

Sasa tazama kisa cha Nabii Yaakub, amani iwe juu yake. Alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Na ni nani waliomlaumu kwa huzuni yake? Ni wanawe, wale wale walioileta. Wala machozi hayo hayakumtoa katika wenye subira, maana mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake. Nasi majumbani mwetu twafanya kama wana wale: mkwe auliza kila mwezi, jirani amwita tasa, mume amtajia mke wa pili, kisha wote kwa pamoja wamwambia asiwe na wasiwasi! Kumzulia mtu sababu ya msiba wake pasipo ujuzi ni dhuluma, hata ikisemwa kwa upole. Na ajabu ni kuwa wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuuhesabu utasa katika aibu zivunjazo ndoa, nasi twauhesabu kuwa ni aibu ya kumvunja mtu.

Nabii Zakaria alipoomba mtoto alianza kwa kutaja udhaifu wake mwenyewe, mifupa yake na mvi zake, ndipo akataja utasa wa mkewe. Matabibu wasema katika karibu nusu ya wakosao watoto, mume ana sehemu yake katika sababu. Juu ya hayo mke hupimwa mwaka mzima, na mume hajakanyaga mlango wa hospitali. Kipimo chake hakina kisu wala sindano, ni manii tu. Mwenye kuogopa hukumu ya kuyatoa na ajue kuwa mafakihi wetu wamelijuzisha jambo hilo kwa mkono wa mkewe. Na kutungisha mimba nje ya tumbo, Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, alikujuzisha mwaka 1980, kwa sharti mbegu ziwe za mume na mke wenyewe, pasiingie wa tatu.

Basi mume na apimwe kwanza, au siku moja na mkewe. Na zile kama juma mbili za kungoja jawabu, baada ya mimba changa kutiwa tumboni, awe karibu naye, na maswali ya mamaye mzazi ayajibu yeye mwenyewe.