Shafti Haina Nguvu Yake

Nguvu zangu za ujana ziliishia kwenye ufundi wa mitambo ya umeme wa maji. Sasa nimestaafu, na vijana wa darsa letu huniletea swali moja kila tukimaliza Isha: kama dunia ina kanuni zake na inajiendesha, Mungu ana kazi gani leo? Wengi wamezoea kujibiwa kwamba Yeye ndiye aliyeianzisha. Jibu hilo silipendi. Linamfanya Mola kama mjenzi aliyemaliza nyumba akaenda zake, nyumba ikabaki imesimama. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliukataa mfano huohuo. Kwake yeye, kitu ambacho hakipo kwa dhati yake kinamhitaji wa kukishikilia muda wote kinapokuwepo, si siku kilipoanza tu.

Mimi nilimwelewa Ibn Sina nikiwa kando ya shafti.

Pale Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, mashine nne zimewekwa ndani ya mwamba chini ya ardhi, na kwa pamoja zina uwezo wa megawati 204. Maji yanaisukuma turbaini; turbaini imefungwa kwenye shafti ya chuma iliyosimama wima; kwa juu shafti hiyo inaizungusha rota yenye sumaku za umeme. Sumaku zinapopita mbele ya nyaya za shaba, umeme unazaliwa, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Shafti yenyewe ni chuma kinene, laini, king'aacho. Ikishika kasi yake huwezi kujua kwa macho kama inazunguka au imesimama. Utajua kwa mtetemo unaopanda kutoka sakafuni hadi magotini. Na chuma chote kile hakina nguvu hata chembe iliyo yake. Kinapokea chini, kinatoa juu.

Hapo kijana aliyesoma fizikia hunikatiza, na ana haki. Newton alishaonyesha kwamba kitu kilicho mwendoni huendelea kwenda bila kusukumwa. Ni kweli. Funga maji wakati mashine haina mzigo, nayo itaendelea kuzunguka kwa muda mrefu. Ndiyo maana mashine hizi zina breki. Kama kusingekuwa na msuguano wa beringi wala wa hewa, isingesimama kamwe. Lakini hiyo ni shafti isiyomwashia mtu taa. Watu wakishawasha taa na mashine za kusaga, umeme unaopita kwenye nyaya hujenga usumaku unaoivuta rota kinyume. Emil Lenz aliieleza kanuni hiyo mwaka 1834. Kasi ikianza kupungua, masafa ya umeme ya hertz 50 nayo yanashuka, na govana, yaani kidhibiti cha kasi, inafungua maji zaidi. Mashine iliyobeba mzigo wake peke yake ikikatiwa maji, akiba iliyomo katika mzunguko wa rota inatosha sekunde chache tu.

Hili ndilo lililonishika. Kizungukacho bure kinaweza kujitegemea. Kinachotoa lazima kipewe, na kipewe sasa hivi. Hata jua, linaloinua mvuke ukawa mvua ya Ruaha, linatoa kwa kula akiba ambayo halikujipa, na akiba hiyo ina mwisho.

Wapo wasemao kwamba mnyororo wa sababu unaweza kurudi nyuma bila kikomo, kwa hiyo hakuna haja ya wa kwanza. Haya, tuunganishe shafti kwa shafti, kilomita baada ya kilomita, zisiwe na mwisho. Hakuna hata moja itakayozunguka kwa sababu ya urefu wa mstari. Lazima pawepo kitu kisichokuwa shafti, kinachotoa bila kupokea.

Sidai kwamba hoja hii peke yake inamfikisha mtu kwenye ibada. Kumjua Mola kwa rehema na uadilifu wake tumekupata kwa mitume. Inachonithibitishia ni kwamba anayeushikilia ulimwengu hawezi kuwa ameondoka.

Kwa hiyo nawaomba masheikh na mapadri wanaokaa na vijana wa vyuo vya ufundi: mkiulizwa Mungu anafanya nini leo, msikimbilie siku ya kwanza ya dunia. Anzeni na mashine iliyo kazini, yenye mzigo, kisha waulizeni wao inapata wapi nguvu inayoitoa.