Asiyeingia Chamani, Je, Ni Haki Atoe Fedha?

Kijana mmoja wa Tarime, afanyaye kazi ya mshahara, alinijia na karatasi ya malipo yake mkononi. Akasema, "Baba Mchungaji, mimi sikuingia chama cha wafanyakazi, wala sikutia sahihi, mbona nimekatwa fedha za chama?" Alidhani ameibiwa.

Basi tuliitazama sheria pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba chama kilichopata wafanyakazi walio wengi ndicho hutambuliwa kupatana na mwajiri kwa ajili ya wote, hata wasio wanachama. Tena chama hicho chaweza kuagana na mwajiri kwamba asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala. Lakini mipaka imewekwa: mtu huyo asishurutishwe kuingia chamani, ada yake isizidi ile ya mwanachama, fedha zitiwe katika akaunti ya peke yake, na kutumika kwa faida ya wafanyakazi wa mahali pale tu.

Je, ni haki? Fikirini josho la ng'ombe. Asiyechanga fedha za dawa hufaidiwa vilevile, maana kupe wakipungua malishoni, hupungua hata kwa ng'ombe wake. Vivyo hivyo mshahara ukiongezwa kwa mapatano, naye aliyekaa kando huupokea. Kumwambia atoe sehemu yake si wizi.

Lakini wachangao dawa huketi na kusema neno lao juu ya josho. Huyu alipaye ada pasipo kuingia chamani hana kura ya kuwachagua viongozi wanaomsemea. Hapo moyo wangu husita.

Wazee wetu waliona jambo zito kuliko hili. Mwaka 1964 sheria ilifanya chama kimoja tu, NUTA, na katibu mkuu wake aliwekwa na Rais. Michael Kamaliza alikuwa Waziri wa Kazi, tena ndiye katibu mkuu! Watu walikuwa wengi chamani, ila wingi ule ulitokana na sheria kuliko mioyo yao. Leo wachimbaji wa madini wanavyo TAMICO na NUMET, na watumishi wa hoteli na hifadhi wanacho CHODAWU. Hata katika kambi ndogo ya wageni kule Serengeti, wanachama wasiofika kumi wana haki ya mjumbe mmoja. Ingawa, kweli, ni vigumu mtu mmoja kusimama mbele ya bwana aonanaye naye kila asubuhi.

Kijana alikuwa na fomu ya uanachama mfukoni, imekunjwa kunjwa. Akaniuliza kama aitie sahihi. Nilimwuliza kwanza kama mkutano wa wafanyakazi huitishwa. Akasema, "Ndiyo, huitishwa. Lakini mimi huwa nimelala, maana nafanya zamu ya usiku."