Kitanda Kiko Nyumbani, Mbona Ulale Hotelini?

Swali hili limezunguka katika ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba mwezi mzima, na sasa linaanza kuleta baridi kati ya watu wanaopendana. Afadhali tuliandike, tulitazame mchana. Wazazi fulani wametimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wao wamechanga, wakawalipia usiku mmoja katika hoteli ya nyota tano hapa hapa Nairobi, chakula cha jioni na cha asubuhi kikiwa ndani. Baba amekataa. Anasema kitanda kiko nyumbani, nauli kutoka mjini hadi kwake ni shilingi mia moja, na mtoto wa marehemu ndugu yake bado ana deni la karo. Mama hajasema ndiyo wala la. Amenyamaza, na wanaomjua wanaelewa kile kimya. Katika ushirika, wengine wako na baba: huo ni ufujaji. Wengine wanasema mtoto wa Mfalme hawezi kula makombo maisha yote, aende akastarehe, ni haki yake.

Mimi naona pande zote mbili zimejibu haraka mno. Na niseme mapema kwamba nilisafisha vyumba katika hoteli moja ya jiji hili kwa miaka saba kabla sijafungua duka, kwa hivyo jambo hili nimeliona kutoka upande wa toroli ya mashuka.

Kwanza tutenganishe mambo. Msafiri akilala hotelini hatumuulizi kitu. Usiku umemkuta, kwake ni mbali, lazima alale mahali. Lakini mtu wa Umoja akilala hoteli ya katikati ya mji, hajanunua kitanda. Kitanda anacho. Basi amenunua nini? Hapo ndipo swali lilipo, na jibu si moja kwa kila mtu.

Kuna anayenunua picha. Huyu tusipoteze wino kwake. Anaingia, anapiga picha na kitanda, picha na bwawa, picha na sahani ya matunda, na kufikia saa nne usiku stetasi yake ya WhatsApp ina vipande thelathini. Akilala, amelala na simu mkononi akihesabu walioona. Kama pesa hizo amezitoa kwa Fuliza, basi wiki mbili zijazo atakuwa akilipia usingizi ambao hata hakuupata.

Kuna anayenunua kupumzika, na hapa naomba wanaume wasome polepole. Kuna mama ambaye kwa miaka 25 ameamka saa kumi na moja kuwasha jiko. Mtaani kwake maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hivyo hata akiwa amelala, sikio liko macho likingoja sauti ya mfereji, aamke ajaze mitungi. Mama kama huyu hawezi kupumzika nyumbani. Akikaa kwa kiti anaona sufuria. Nyumba yenyewe inamwita kwa jina. Ukimwambia kitanda kiko nyumbani, unasema kweli, lakini ni kitanda ambacho yeye ndiye hukitandika. Kwake, saa kumi na mbili ndani ya chumba ambacho hakuna kitu cha kuosha si anasa tu. Ni mahali pekee ambapo mikono yake haitafutwi.

Sasa mtaniuliza, na huyo anayetandika kitanda cha hotelini je? Yeye hana nyumba inayomwita? Naam, hilo ndilo swali lenyewe, na ndilo linalofanya mkazi wa mji awe tofauti na mgeni.

Mgeni aliyeshuka kutoka Frankfurt hajui kwamba dada anayempangusia kioo amepanda matatu saa kumi na nusu alfajiri kutoka Pipeline. Wewe unajua. Unajua bei ya unga. Unajua kodi ya chumba kimoja cha mabati. Unajua akitoka zamu ya usiku atalipa nauli ya mvua. Pengine mnakutana naye Jumapili. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi, kilivyowekwa Novemba 2024, kilikuwa kidogo zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi, na usiku mmoja katika hoteli ya nyota tano unaweza kufika hapo au kupita. Mgeni hana haja ya kuweka hesabu hizo mbili pamoja, maana yeye ya pili haijui. Wewe huwezi kujifanya huijui.

Lakini watu hujaribu. Hiyo ndiyo bidhaa ya tatu ambayo mkazi hununua hotelini, na ndiyo iliyonihuzunisha miaka ile yote: umbali. Unamkuta mtu wa kwetu kabisa, jina la kwetu, lakini akifika mapokezi sauti inabadilika, Kiswahili kinampotea. Unamsalimia kwenye korido, anatazama ukutani. Akitaka taulo hasemi nawe, anapiga simu chini ili chini wapige simu juu, nawe uko mbele ya mlango wake. Sisemi wote. Lakini nilijifunza kwamba mtu wa aina hii anaogopa. Anaogopa kwamba ukimtazama sana utamtambua. Amelipa ili kwa usiku mmoja asiwe jirani ya mtu yeyote, na mimi nikisema "habari ya asubuhi" namharibia alichonunua.

Na tusimhukumu bila kukumbuka hoteli hizi zilianzaje. Stanley ilianza 1902, Norfolk ikafunguliwa 1904, mji wenyewe ukiwa bado kambi ya reli, na kwa muda mrefu sana Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mzigo wa mtu au sinia. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe. Polisi wakafyatua risasi, na imeandikwa kwamba walowezi waliokuwa wameketi barazani pa Norfolk nao walifyatua. Watu zaidi ya 20 walikufa. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa Harry Thuku. Kwa hivyo mzee wa Kiafrika anapoingia pale na mke wake, kwa mguu wake, akaketi barazani akaletewa chai, yuko ndani ya historia, hata kama yeye anafikiria tu kama sukari itatosha.

Hata baada ya uhuru mlango haukufunguka wote mara moja. Hilton ilisimama tangu 1969 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2022, na karibu kila mkazi wa Nairobi wa umri wangu amewahi kusema "tupatane Hilton." Tulipatana nje. Wengi wetu hatukujua ndani kuna nini. Bei pia zilikuwa mbili na bado ni mbili, ya mgeni kwa dola na ya mkazi kwa shilingi, onyesha kitambulisho. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa, kuanzia mwisho wa Machi hadi tarehe 1 Agosti, hoteli zikakumbuka ghafla kwamba hata majirani hulala. Matangazo yakatujia kwa simu: njoo na familia. Sina chuki na hilo, biashara ni biashara. Ila si vibaya kujua ulialikwa lini.

Na hata sasa, fika lango la hoteli kubwa kwa mguu na fika kwa gari uone tofauti. Wa gari anafunguliwa, kioo kinapitishwa chini ya gari, karibu sana. Wa mguu anaulizwa, "Unaenda wapi?" Yakobo katika sura ya pili anakemea jambo hilo hilo, mwenye pete anapewa kiti kizuri na maskini anaambiwa asimame kule. Na kabla hatujamcheka askari wa hoteli, tukumbuke Yakobo alikuwa akizungumza juu ya mkutano wa waumini. Wahudumu wetu wa mlangoni Jumapili wanajua viti vya mbele wanampa nani.

Basi kwa sababu ya historia hiyo yote mtu wa kwetu akiingia hotelini huingia na mojawapo ya hofu mbili. Ya kwanza nimeitaja, hofu ya kutambuliwa. Ya pili ni ya watu wema. Niliwahi kufungua chumba saa nne asubuhi nikakuta mama wa makamo ametandika kitanda chote, kona zimekunjwa, taulo zimepangwa kama za harusi, bafu limepanguswa kwa karatasi. Alikuwa amesimama dirishani na mkoba mkononi. Akaniambia, "Sikutaka kukusumbua, mwanangu." Nikamwambia mama, hii ni kazi yangu, na shuka hizi lazima nizitoe hata kama hukuzilalia. Tukazitoa pamoja, maana alikataa kukaa.

Nimemfikiria sana mama yule. Upendo wake ulikuwa wa kweli, lakini kulikuwa na kitu kingine pia: hakujua kuhudumiwa. Katika Yohana 13 Petro anakataa kuoshwa miguu, na sisi huwa tunahubiri unyenyekevu wa Yesu kwa kuosha, tunaruka unyenyekevu uliotakiwa kwa Petro, wa kukaa kitako mguu ukiwa mkononi mwa mwingine. Aliyezoea kutoa maisha yake yote, akipewa anahisi amevuliwa nguo. Nafikiri huyo baba wa miaka 25 ya ndoa yuko hapo. Karo ni kweli ipo, lakini haikutajwa mwaka jana watoto walipomletea televisheni. Televisheni unaikubali ukiwa umesimama, mwenye nyumba. Hotelini ataketi na mtu amwekee kitambaa mapajani, na hilo ndilo limemshinda. Ningemwambia, mzee, zawadi hii mama amepewa nusu. Ukikataa, hukukataa nusu yako peke yake.

Kuhusu karo, kama mtoto amerudishwa nyumbani na pesa bado iko mkononi, mimi sina theolojia ndefu: alipiwe arudi darasani, hoteli itangoja. Lakini chunga unaposimama kuhesabu pesa za zawadi ya mwingine. Bethania mwanamke alipomimina marhamu, kuna aliyepiga hesabu papo hapo, dinari 300, karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima, akasema wangepewa maskini. Yohana anatuambia ni Yuda, na kwamba maskini hawakuwa shida yake. Wahubiri wa neema ya magari makubwa hulipenda sana fungu hili, wanalitumia kuhalalisha kila starehe, ila wanasahau jambo dogo: mwanamke yule hakujimiminia mwenyewe. Vilevile sioni katika Injili nne mtu mwingine akilipa nyumba ya wageni isipokuwa Msamaria, naye alimlipia mtu aliyeokotwa barabarani, dinari mbili, akaahidi kurudi kufidia zaidi. Watoto wakimlipia mama yao wako karibu na watu hawa wawili kuliko mimi nikijilipia.

Hata hivyo amri ya Sabato, ukiisoma hadi mwisho wake katika Kutoka 20, haikumpumzisha mwenye nyumba peke yake. Mtumwa na mjakazi wametajwa, hata mnyama. Pumziko langu ambalo linategemea mwingine asipumzike kabisa lina kasoro, na hotelini huwezi kuliondoa hilo kwa kutandika kitanda mwenyewe. Unaweza kulipunguza. Tulikuwa na vyumba kumi na vinne kwa zamu, na mgeni aliyetundika kibao cha kusema asisumbuliwe hadi saa nane alitusukuma hadi jioni, giza likatukuta kituoni. Kama unatoka saa nne, toka saa nne. Maji uliyomwaga, sema. Bakuli la chakula usilifiche chini ya kitanda kwa aibu, litanuka na atakayeulizwa si wewe. Ukitaka kitu, sema kwa lugha mnayoijua nyote wawili.

Na ukitaka kumwachia asante, fahamu inavyopita. Ada ya huduma ikiwa kwenye bili huingia kwanza kwa hoteli, na kugawanywa kwake ni makubaliano ya kila nyumba. Pesa uliyoiacha mezani karibu na simu hataigusa, tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, maana huenda umeisahau na ukapiga simu ukiwa njiani. Iweke juu ya mto. Andika kwenye ile karatasi ya hoteli kwamba ni ya aliyesafisha chumba, utie sahihi na nambari ya chumba na tarehe. Jioni askari wa mlango wa nyuma atafungua mkoba wake kama anavyoufungua kila siku, na karatasi hiyo ndiyo atakayomwonyesha.