Chemsheni Maji

Kipindupindu kikiingia Dar es Salaam, gari la matangazo hupita mitaani na kipaza sauti: chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni. Hakuna uongo hapo. Siku moja nililisikia Tandale, nimesimama kwenye genge nyuma ya mama aliyekuwa akinunua mkaa wa kopo. Kopo moja. Alizitazama sarafu zilizobaki kiganjani, akazifunga kwenye pindo la khanga. Mkaa ule ungeivisha maharage au ungechemsha maji. Kwa yote mawili usingetosha.

Tangu siku ile najiuliza: anayejua la kufanya ila hana cha kulifanyia, tunaposema amechagua vibaya, amechagua nini hasa?

Waislamu wa pwani wanayo njia ya kulifikiri jambo hili. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Aliyekosa maji hutayamamu kwa udongo. Wajibu humfuata mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na ukimzidi hupunguzwa. Ni huruma, na ni haki pia. Lakini kimelea cha kipindupindu hakijui tayamamu. Hakimsamehe mama kwa kuwa mkaa umekwisha. Basi wajibu asiouweza, na ambao hauwezi kufutwa, unakwenda wapi?

Naamini unahamia kwa wenye uwezo. Unakuwa kama mazishi, faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine wamesamehewa; wakiiacha wote, dhambi ni ya wote. Maiti hajiziki, na hakuna anayemlaumu.

Tazama vyoo. Vichochoro vya Tandale na Manzese ni vyembamba, nyumba nyingi gari la majitaka halizifikii, na linakofika lina bei yake. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo, uchafu ukachukuliwa na mafuriko hadi uani kwa jirani na kwenye visima vifupi. Tunawaita wazembe. Wengi wao ni wapangaji: shimo si lao, na mara nyingi mwenye nyumba haishi pale. Asiye na bomba naye hununua maji kwa dumu la lita 20, na ukipiga hesabu kwa lita, analipa zaidi kuliko aliyefungiwa bomba nyumbani. Anayepata kidogo ndiye anayeuziwa ghali, kisha anahubiriwa usafi.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kinondoni, Dar es Salaam, Agosti 2015 haukubaki Kinondoni. Ulisambaa mikoani, ukafika na Zanzibar, na kufikia katikati ya 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 20,000. Mamia walikufa, kwa ugonjwa ambao tiba yake inajulikana vizuri: kurudisha maji na chumvi mwilini mapema, kwa ORS, au kwa dripu mgonjwa akizidiwa. Walikufa si kwa kukosekana maarifa. Kati ya maarifa hayo na mgonjwa kulikuwa na nauli, usiku, kichochoro, na kibarua ambacho ukikikosa siku moja hakuna chakula.

Gari la matangazo lilipokunja kona, yule mama alikuwa ameshafika kibarazani kwake, hatua chache kutoka gengeni. Akawasha jiko, akabandika maharage. Mtoto mdogo akachovya kikombe kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni, akanywa.