Kilicho Chini ya Kava

Mvua ikinyesha Kitale, bodaboda hurudi nyumbani matope yamepanda hadi kwenye tangi, na taa ya mbele inawaka na kuzima. Wengi humpelekea fundi. Wengine hutoa bisibisi na kufungua kava wenyewe uani, maana pesa ya fundi ndiyo pesa ya unga.

Kazi hii yataka subira zaidi ya nguvu. Plastiki iliyopigwa na jua kwa miaka haisamehe: skrubu zikishatoka, kava bado imeshikwa na vijino vilivyozama kwenye raba, na mwenye haraka huvuta upande mmoja hadi kijino kikatike. Anayejua hulainisha raba kwa maji ya sabuni, akavuta kidogo kidogo. Skrubu huzipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa jinsi zilivyotoka, kwa kuwa hazilingani urefu. Ndefu ikiingia pa fupi yaweza kutoboa waya. Wakati wa kurudisha, zote hushikizwa kwa vidole kwanza, ndipo zikazwe.

Swali gumu limo ndani humo. Waya uliochubuka unaweza kuungwa vizuri, ukafungwa tepu na kuwekwa mbali na shingo ya usukani. Unaweza pia kusokotwa tu na kusukumwa ndani. Kava ikirudi, nani atajua tofauti? Kazi isiyoonwa na mtu ni deni kwa nani?

Paulo, katika Waraka kwa Wakolosai, aliwaonya watumwa wasifanye kazi kwa ajili ya macho ya mabwana zao tu. Waislamu wana ihsani, ibada ya mtu anayejua kwamba Mungu anamwona. Katika majibu yote mawili kuna jicho linalotazama.

Njia ya kushuka Bungoma inapita penye jibu la tatu. Wakwekeri, Wakristo waitwao pia Marafiki, walifika Kaimosi mwaka 1902 wakiwa misheni ya ufundi, na baadaye wakaota mizizi Lugulu, karibu na Webuye. Leo Kenya ina Wakwekeri wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Hawabatizi kwa maji, kwa kuamini kwamba maisha yote ya mtu ni mahali pa kukutana na Mungu. Wenzao wa Uingereza, karne ya 17, walifungwa gerezani kwa kukataa kiapo. Hoja yao: anayeapa anakiri kuwa ana ukweli wa mahakamani na ukweli mwingine wa nyumbani.

Waya uliosokotwa chini ya plastiki inayong'aa ni ukweli wa namna hiyo, wa sura mbili. Jibu hili lina uzito zaidi kuliko lile la jicho, kwani halihitaji hofu. Ila kuna mtu wa kuongezwa: mama anayepanda pikipiki Kanduyi usiku, mtoto mgongoni. Hawezi kuomba kava ifunguliwe akague. Taa ikizima mbele ya lori la miwa, yeye ndiye atakayelipa.

Uani, kava imerudi. Usukani unakatwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia, taa ikiwaka, kuona kama kuna waya uliobanwa. Taa haitetereki. Lakini kwenye kifuniko cha ndoo imebaki skrubu moja fupi, na giza limeshaingia. Mwenye pikipiki anamwita mtoto alete tochi.